M3 Stuart ya chuma: mwongozo kamili wa kukagua, kusafisha, kukarabati na kutunza modeli ya kifaru chepesi

Ukitafuta modeli ya chuma ya kifaru chepesi cha Vita vya Pili vya Dunia, hutachelewa kukutana na M3 Stuart. Kiwanda cha American Car and Foundry, kilichokuwa Berwick katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, kilianza kukitoa Machi 1941. Kufikia Novemba mwaka huohuo kilikuwa vitani jangwani Libya, mikononi mwa Waingereza. Wao ndio waliokipa jina la Stuart. Askari waliokiendesha walikiita Honey, yaani asali, kwa sababu injini yake iliwaka na kuendelea kuwaka, starehe ambayo vifaru vyao vingine viliwanyima. Mapema 1942 kilikuwa Burma, miaka miwili na ushei kabla ya askari wetu wa 11th East African Division kushuka bonde la Kabaw.

Mwongozo huu unahusu modeli zilizomiminwa kwa aloi ya zinki, za skeli ya 1:72 hadi 1:32, mpya au mtumba. Modeli za plastiki za kuunganisha mwenyewe zina mambo yake na hatutazigusa.

Ni Stuart ipi hasa?

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupigwa, na si lazima muuzaji awe tapeli. Mara nyingi hata yeye hajui. Jina Stuart linabeba vifaru vinne au vitano visivyofanana, na bei hutofautiana kwa toleo. Geuza modeli polepole na uangalie mambo haya.

M3 ya kwanza ina bodi yenye kuta za pembeni zilizosimama wima, ribiti (vichwa vya misumari inayounganisha mabamba) zinaonekana, na juu ya tureti (kichwa kinachozunguka, chenye mzinga wa milimita 37) pana kuba dogo la kamanda. Kila upande wa bodi, juu ya minyororo, huchomoza rashasha moja iliyoelekezwa mbele. M3A1 haina kuba. Juu ya tureti ni bapa, pana vifuniko viwili tu. M3A3 ni bodi mpya kabisa: imechomelewa, haina ribiti, kuta za mbele na za pembeni zimelala, na tureti ina kisanduku cha redio kilichochomoza nyuma. M5A1 ina tureti hiyohiyo yenye kisanduku, lakini kuta zake za pembeni zimesimama wima na sehemu ya nyuma imeinuka kama ngazi, kwa sababu chini yake mna injini mbili za Cadillac badala ya ile moja ya duara ya M3.

Ukishaelewa hilo, unaweza kumbana muuzaji kwa swali moja. Kama sahani ya jina inasema "Libya, Novemba 1941", kuba la kamanda lazima liwepo. Tureti yenye kisanduku cha nyuma haikuwepo mwaka huo. Modeli ya namna hiyo imepewa hadithi isiyo yake, au mtu amechanganya tureti na bodi za modeli mbili.

Hesabu pia magurudumu. Kila upande wa Stuart una magurudumu manne ya ardhini yaliyopangwa jozi mbili, gurudumu la meno mbele, roli tatu ndogo zinazobeba mnyororo kwa juu, na gurudumu kubwa la nyuma linalogusa ardhi. Kama gurudumu la nyuma linaning'inia hewani, ama umeletewa M2A4, mtangulizi wa M3, ama ekseli imepinda.

Kuhusu rangi: baadhi ya Stuart za Waingereza za 1941 zilipakwa mistari mipana iliyokatwa kwa mshazari, ya rangi tatu: kichanga, kijivu kilichofifia na kijivu kizito. Modeli nyingi huonyesha kijivu kile cha pili kama samawati ya anga. Hilo ni kosa lililoenea kupitia kifaru cha makumbusho kilichopakwa upya miaka mingi baada ya vita. Halipunguzi bei ya modeli, ila usilipe zaidi kwa muuzaji anayeita samawati hiyo "rangi sahihi ya kihistoria".

Pima skeli mwenyewe

Neno "1:72" kwenye boksi ni ahadi tu. Stuart halisi ya M3 ilikuwa na urefu wa meta 4.53 na upana wa meta 2.24. Gawanya kwa skeli, kisha weka rula:

- 1:72 – urefu milimita 63, upana 31
- 1:50 – urefu milimita 91, upana 45
- 1:43 – urefu milimita 105, upana 52
- 1:32 – urefu milimita 142, upana 70

Tofauti ya milimita 1 au 2 isikusumbue. Ikizidi milimita 5 kwenye modeli ya 1:43, jua kiwanda kilibana modeli ili iingie kwenye boksi la mfululizo, jambo lililokuwa la kawaida kwenye midoli ya zamani. Ukinunua kwa picha, mwombe muuzaji aiweke modeli pembeni ya rula, si pembeni ya sarafu.

Chuma chenyewe, na ugonjwa wake

Tunaita chuma kwa mazoea. Kwa kweli ni aloi ya zinki yenye alumini takribani asilimia 4 na magnesiamu kidogo sana, wakati mwingine na shaba. Huyeyuka chini ya nyuzijoto 400 za Selsiasi, kwa hiyo kalibu haichakai haraka na vitu vidogo kama ribiti hutoka safi. Sumaku haiinasi. Ikinasa kwenye bamba la chini peke yake, hilo ni bati na hakuna tatizo. Gonga sehemu mbalimbali kwa ukucha: aloi ni baridi na hulia kavu, plastiki hulia butu. Modeli nyingi za kisasa zina bodi ya aloi na tureti ya plastiki, au kinyume chake. Si udanganyifu, mradi bei inalingana.

Adui mkubwa ni kile ambacho wakusanyaji hukiita ugonjwa wa zinki. Kiini chake ni uchafu: risasi, bati au kadimiamu kidogo tu iliyochanganyika na zinki wakati wa kuyeyusha, mara nyingi kwa sababu kiwanda kilitupia vyuma chakavu kwenye chungu. Miaka inavyopita, unyevu hupenya kwenye mipaka ya chembechembe za aloi na kuila kwa ndani. Aloi huvimba, hupasuka, mwishowe humeguka kama biskuti. Joto na unyevu huharakisha kazi hiyo. Zinki yenye usafi wa asilimia 99.99 ndiyo iliyopunguza tatizo, ila haikulimaliza.

Modeli za kabla ya vita ndizo za kushuku kwanza. Mfano ni kifaru chepesi cha Dinky Toys namba 152a, kilichotolewa na Meccano wa Liverpool mwaka 1937, chenye minyororo ya kweli ya pete ndogondogo. Lakini usijipe moyo kwa kuwa modeli yako ni ya miaka ya 2000. Zipo za juzijuzi zilizopasuka zikiwa ndani ya boksi lisilowahi kufunguliwa.

Kagua hivi. Zima taa ya chumba, washa tochi ya simu na uilaze pembeni, mwanga uteleze juu ya bodi badala ya kuipiga usoni. Tafuta nyufa nyembamba kama utando wa buibui, hasa kwenye kingo za vilinda-matope na kuzunguka matundu ya skrubu. Tafuta malengelenge kwenye rangi. Weka modeli juu ya kioo: ikiyumba kama meza mbovu, huenda bodi imepinda. Kisha zungusha tureti taratibu. Tureti iliyokuwa ikizunguka na sasa imekwama ni dalili mbaya kuliko zote, kwa sababu pete yake imevimba. Usiilazimishe.

Tofautisha ufa na alama za kiwandani. Aloi ikipoa haraka ndani ya kalibu huacha mstari laini, wa mviringo, kama njia ya maji kwenye mchanga. Rangi imeufunika na haijakatika. Huo hauna madhara. Ufa wa kweli umeikata rangi, na ukiangalia upande wa chini usiopakwa rangi utauona ukiendelea kwenye chuma. Unga mweupe peke yake, bila nyufa, mara nyingi ni kutu ya juu ya zinki kutokana na unyevu, na hiyo inasafishika.

Ugonjwa wenyewe hauna dawa. Gundi haiuzuii, na rangi mpya huuficha tu hadi uvimbe uipasue. Hauambukizi modeli jirani. Ila kama modeli moja imeugua na una nyingine ya toleo hilohilo, nayo iweke kwenye orodha ya kuchunguzwa.

Kwa modeli za zamani ongeza jambo moja: angalia chini. Dinky zilifungwa kwa vijiti vya bodi yenyewe vilivyogongwa vikapanuka kichwa. Ukikuta vimetobolewa na kuwekwa skrubu, modeli imefunguliwa, na pengine imepakwa rangi upya au kuwekwa minyororo mipya. Si dhambi, ila bei yake si ya modeli isiyoguswa.

Kama unaagiza kutoka nje

Mwambie muuzaji aandike kwenye fomu ya forodha "modeli ya mapambo ya skeli 1:43, aloi ya zinki", si "tank" peke yake, kwani neno hilo huweza kukwamisha mzigo wako. Modeli za skeli huingia kwenye kichwa cha ushuru 9503, pamoja na midoli. Hesabu mapema kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara, juu ya ushuru wenyewe. Omba modeli ibaki imefungwa skrubu kwenye kitako chake na antena ifungwe pembeni. Modeli inayocheza ndani ya boksi hufika na mzinga uliovunjika.

Kuifungua na kuisafisha

Mzigo ukitoka baridi ya ndege kuingia joto la Dar es Salaam au Mombasa, usiufungue papo hapo. Uache saa 4 hadi 6, la sivyo umande utatanda juu ya chuma baridi. Kisha andaa brashi laini ya kupakia poda usoni (mpya), brashi ya rangi za maji namba 2, kipulizio cha mpira cha kusafishia lenzi ya kamera, pamba za masikio, kitambaa cha miwani, sabuni ya maji ya vyombo na bisibisi ndogo ya stari.

Maji ni suala. Maji ya visima vya pwani yana chumvi, na chumvi ndiyo chakula cha kutu. Tumia maji yaliyokenekwa (distilled) ya kuongezea kwenye betri za gari, na soma lebo mara mbili, kwani asidi ya betri huuzwa rafu hiyohiyo na itakula zinki mbele ya macho yako.

1. Vaa glavu za nitraili. Glavu za pamba hunasa kwenye antena na kuing'oa.
2. Pulizia vumbi kuanzia juu kwenda chini. Usitumie pumzi ya mdomo, ina mate.
3. Pitisha brashi kavu kwa mwelekeo mmoja, ukitegemeza mzinga kwa kidole cha mkono wa pili.
4. Kama bado pana mafuta ya vidole, changanya tone 1 la sabuni na mililita 250 za maji vuguvugu. Chovya pamba, ikamue hadi iwe na unyevu tu, kisha jaribu kwanza chini ya bodi. Pamba ikitoka na rangi ya kifaru, acha.
5. Futa kidogokidogo, bila kusugua stika. Rudia kwa pamba yenye maji matupu.
6. Kausha kwa kipulizio, kisha acha modeli kwenye chumba chenye hewa saa 24 kabla ya kuirudisha kabatini.

Usiitumbukize majini. Maji hubaki ndani ya bodi ambako rangi haijafika, na kutu huanzia humo. Siki, ndimu, tinna, asetoni na spiriti ziweke mbali: mbili za kwanza hula zinki, nyingine huyeyusha rangi na stika.

Kabla ya yote hayo jiulize kama unachotaka kukiondoa ni uchafu. Viwanda vingi hupaka vumbi la jangwa na matope kwenye minyororo kwa makusudi. Watu wamesugua kazi hiyo hadi kifaru kikang'aa kama sufuria mpya, na hakuna njia ya kuirudisha.

Ukarabati mdogo

*Antena.* Ndiyo huvunjika kwanza. Uzi wa gitaa ulio mwembamba kuliko wote, wenye unene wa inchi 0.009, ni kama milimita 0.23, na kwa skeli ya 1:43 unafaa kabisa. Kata urefu unaolingana na picha ya boksi, paka rangi nyeusi isiyong'aa, chovya ncha kwenye gundi ya epoksi, ingiza tunduni na uishikilie wima kwa dakika 5. Uzi hujipinda kwa tabia ya koili. Uviringishe kwanza kati ya vidole kinyume cha mkunjo.

*Mzinga uliopinda.* Ukiwa wa plastiki, ukalishe kwenye maji ya nyuzi 60 kwa sekunde 20, unyooshe, uzamishe kwenye maji baridi. Ukiwa wa aloi, usijaribu kuunyoosha. Aloi ya zinki haikunjiki, hukatika.

*Mzinga uliokatika.* Gundi pekee haitoshi, maana sehemu ya kushikana ni ndogo mno. Toboa tundu la milimita 0.5 katika kila kipande kwa drili ya mkono, kina cha milimita 3, weka kipande cha waya wa shaba nyeupe wa unene huohuo kama mfupa, kisha unganisha kwa epoksi. Kutoboa katikati ndiyo shida yenyewe: weka kwanza nukta ya rangi kwenye upande mmoja, gusisha vipande viwili, na alama itajihamisha upande wa pili.

*Minyororo.* Ile ya mpira laini hutoa mafuta taratibu ambayo huyeyusha plastiki na rangi inayoigusa. Ndiyo maana vitako vingi vya zamani vina alama mbili zilizochimbika. Weka ukanda wa karatasi ya kuokea keki kati ya mnyororo na kitako. Mnyororo uliolegea usiukate. Urudishe juu ya roli tatu na uubandike hapo kwa tone la gundi nyeupe ya mbao, ambayo hutoka kwa maji ukijuta.

*Rangi iliyobanduka.* Ikiwa chuma kinaonekana, paka praima kwanza, kwani rangi ya akriliki haishiki vizuri kwenye zinki tupu. Kijani cha jeshi kipya hutoka kizito kuliko kile kilichofifia. Ongeza tone moja la rangi ya mchanga kwenye matone sita ya kijani. Paka safu mbili nyembamba ndani ya jeraha tu. Modeli ya kabla ya vita usiipake kabisa. Jeraha la miaka themanini lina thamani kuliko rangi yako ya juzi.

Gundi ya sekunde itumie kwa uchache na dirisha likiwa wazi. Mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye rangi na kwenye kasha la kioo. Usifunike modeli hadi siku ya pili.

Makao yake

Kwa modeli ya zinki, unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 50 ndio mzuri. Zanzibar, Tanga na Mombasa hukaa juu ya 70 kwa sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo kabati la wazi sebuleni halifai modeli unayoithamini. Nunua kipima unyevu kidogo cha betri, kisha tumia kasha linalofunga vizuri lenye jeli ya silika, gramu 20 hadi 30 kwa kila lita 5. Chagua punje za rangi ya machungwa zinazogeuka kijani zikishiba. Zikigeuka, zitandaze kwenye trei na uzikaushe katika oveni ya nyuzi 110 kwa saa 2 hadi 3, usivuke 120. Mchele hausaidii, huleta vumbi na wadudu.

Kasha lenyewe nalo lina siri. Plastiki yenye namba 5 chini yake, ndani ya alama ya pembetatu, ni salama; yenye namba 3 hutoa mvuke wa asidi. Mbao mbichi na MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi) nazo hutoa asidi inayoshambulia zinki, kwa hiyo kabati jipya la fundi liache wazi wiki kadhaa, kisha weka kioo au karatasi ya alumini kati ya mbao na modeli. Sponji ya godoro huoza na kunata kwenye rangi. Plastiki ya vipovu ikigusa modeli moja kwa moja kwenye joto huacha miduara ya kudumu. Funga kwanza kwa karatasi laini isiyo na asidi. Mipira ya kufungia noti usiitumie hata siku moja. Taa iwe ya LED, na jua la dirishani lisiifikie.

Boksi la asili litunze hata kama limechanika, na skrubu za kitako zibandike kwa selotepu ndani ya kifuniko, si kwenye modeli.

Kila baada ya miezi 6 toa modeli, piga picha ya juu, ya pembeni na ya chini, rula ikiwa pembeni, na upime urefu wa bodi kwa kalipa hadi sehemu ya kumi ya milimita. Pima sehemu moja kila mara, kutoka ukingo wa bamba la mbele hadi ukingo wa bamba la nyuma, saa ileile ya siku ili joto lisikuchanganye. Andika kwenye kikaratasi kinachokaa ndani ya kasha. Namba ikipanda mara mbili mfululizo kwa milimita 0.2 au zaidi, ugonjwa umeanza hata kama macho hayaoni ufa. Ongeza jeli, hamishia kasha kwenye chumba chenye ubaridi kuliko vyote nyumbani, acha kuzungusha tureti, na kama ulikuwa na mpango wa kuiuza, mwonyeshe mnunuzi kikaratasi hicho kabla hajalipa.